Vitabu vya Kidijitali: Tuanze na Kufuli

Msikilizaji, Aprili 2019 kampuni ya Microsoft iliwatangazia wateja wake kwamba inafunga duka lake la vitabu vya kidijitali. Ilipofika Julai, vitabu walivyonunua vikaacha kufunguka. Havikuibwa, wala vifaa vyao havikuharibika. Duka lilikuwa limefungwa, na mtambo uliokuwa ukithibitisha kwamba fulani ana ruhusa ya kufungua kitabu fulani ukazimwa. Watu walirudishiwa fedha, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembezoni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Lakini vitabu vyenyewe vilikwenda na maji.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu ya hoja inayozuka mara kwa mara miongoni mwa wachapishaji na wasomaji: kwamba soko la vitabu vya kidijitali linahitaji fomati mpya ya faili. Wanasema PDF haikai vizuri kwenye simu, Kindle ina fomati yake, wengine wanatumia EPUB, na msomaji wa kawaida anachanganyikiwa. Basi itengenezwe moja mpya, imfae kila mtu. Usumbufu wanaoueleza ni wa kweli. Dawa wanayoitaja ndiyo ninayoipinga.

Turudi kwa Microsoft. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilileta fomati yake yenyewe, iliyoitwa LIT, pamoja na programu ya kuisomea. Mwaka 2012 programu ikasitishwa, na wenye vitabu vya LIT wakabaki na faili ambazo kila mwaka zinazidi kuwa ngumu kufungua. Ilipojaribu tena mwaka 2017, haikubuni kitu. Ilichukua EPUB, fomati ya wazi ambayo mchapishaji yeyote duniani anaitumia bila kumlipa mtu. Miaka miwili baadaye, yakatokea yale niliyoyasimulia. Fomati ya kwanza ilikuwa ya kampuni, ya pili ilikuwa ya wote, na mnunuzi alipata hasara mara zote mbili. Kilichokuwepo mara zote mbili ni kufuli la kidijitali, lile linalomlazimu mtu aliyekwisha kulipa aendelee kuomba ruhusa ya muuzaji kila anapotaka kusoma.

EPUB yenyewe ni kitu gani? Ukichukua faili ya EPUB isiyo na kufuli, ukabadilisha herufi za mwisho za jina lake ziwe zip, kompyuta yako itaifungua na utaona kila kilichomo: kurasa zilizoandikwa kwa HTML, lugha ileile ya tovuti, picha, fonti, na orodha ya sura kwa mpangilio wake. Hakuna siri yoyote. Maandishi yanajipanga kulingana na skrini, iwe ya simu ndogo au ya kishikwambi. Toleo la tatu, lililotoka 2011, linaruhusu sauti na video ndani ya kitabu, na linaruhusu sauti ya msimulizi iende sambamba na maneno. Tangu 2017 fomati hii iko mikononi mwa W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, na mwaka 2023 likaidhinisha EPUB 3.3. Sasa anayetaka fomati mpya atuambie: itafanya jambo gani ambalo hii imeshindwa?

Nimewahi kusikia jibu moja zito, nalo linatuhusu sisi wa Kiswahili. Linahusu ushairi. Chukua shairi la tarbia lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Kwenye karatasi, vina vya kati vimepangana wima, kimoja chini ya kingine, na jicho linajua pa kutua. Lipeleke shairi hilo kwenye simu. Mshororo hautoshi, unakatika popote, pengine baada ya mizani ya kumi na moja, na kina cha kati kinamezwa. Kuna wahariri wanaoona hivyo wakasema fomati hizi hazikutengenezwa kwa ajili yetu.

Lakini EPUB inapokea maagizo. Unaweza kuiamuru kwamba mshororo ukikosa nafasi, ukatike penye kina cha kati tu, na utao ushuke mstari wa chini ukiwa umesogezwa ndani kidogo. Ni maagizo ya mistari michache, na shairi likabaki na pumzi yake kwenye skrini ya ukubwa wowote. Anayehitajika hapo ni fundi anayeujua ushairi, alipwe kwa kazi yake, na apewe muda wa kuifanya.

Mfano mwingine ni mdogo zaidi, na unaniuma zaidi. Ndani ya kila EPUB kuna mahali pa kuandika lugha ya kitabu. Kwa Kiswahili zinatakiwa herufi mbili tu, s na w. Programu kadhaa za kutengenezea vitabu huja na Kiingereza kimeshajazwa pale, na mchapishaji mwenye haraka anaacha hivyohivyo. Kisha msomaji asiyeona anawasha sauti ya simu yake, na riwaya ya Kiswahili inaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Na huyo ana afadhali. Aliyeuziwa PDF iliyotengenezwa kwa kupiga picha kurasa hasikii chochote, kwa sababu kwa programu ya kusoma, kila ukurasa ni picha tupu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa wasomaji wasioona mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Tumeahidi. Herufi mbili zinatushinda?

Najua hofu ya wachapishaji, nami siibezi. PDF za vitabu vyao zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwandishi aliyekesha miaka na mswada wake hapati hata shilingi ya mrabaha. Huo ni wizi. Lakini tuangalie unavyofanyika. Mara nyingi anayesambaza hakuvunja kufuli lolote. Alinunua au kuazima kitabu cha karatasi, akakipiga picha kwa simu, akatuma. Kufuli linambana yule mmoja aliyekubali kulipa. Huyo ndiye anayebadili simu na kukuta vitabu vyake havifunguki. Huyo ndiye aliyeguswa tarehe 26 Februari 2025, Amazon ilipoondoa nafasi ya wateja wa Kindle kupakua vitabu walivyonunua na kuvihifadhi kwenye kompyuta zao. Nguo ya kuazima haisitiri, na kitabu chenye kufuli ni cha kuazima hata kama umekilipia bei kamili.

Wapo waliothubutu kufanya vingine. Mwaka 2012 Tor, wachapishaji wa hadithi za kubuni za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kidijitali. Mwaka uliofuata tawi lao la Uingereza likasema halijaona ongezeko la maana la wizi. Mwaka huohuo wa 2012 duka la Pottermore lilianza kuuza Harry Potter kwa EPUB isiyo na kufuli, ila kila nakala ilitiwa alama ya kumtambulisha mnunuzi wake. Mwenye nakala anasoma popote apendapo, lakini anajua kwamba akiisambaza, atajulikana.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wachapishaji wa Kiswahili: kila kitabu kipya kitoke kwa EPUB iliyoshughulikiwa na mhariri, lugha iandikwe sawasawa, mashairi yapangwe kishairi, na badala ya kufuli iwekwe alama ya mnunuzi. Wizara za elimu: mnaponunua vitabu vya kidijitali kwa kodi za wananchi, kataeni kurasa zilizopigwa picha, na kataeni mkataba ambao ukiisha shule inabaki mikono mitupu. Nawe msikilizaji, kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: duka lenu likifungwa kesho, kitabu changu nitabaki nacho? Akisema hapana, basi bei anayokutajia ni ya kukodi, na una haki ya kudai ipungue.