Kuwafundisha Wanafunzi Habari za Hisa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Mbeya)



Walimu wa shule kadha za sekondari za pande zetu hizi wamekiomba chama chetu kiwapelekee watu watakaowaeleza wanafunzi habari za hisa, na jinsi fedha inavyowekwa ipate kuzaa. Ombi hili ni la heshima, nasi twaliunga mkono. Lakini kabla ya kupeleka watu yatupasa kuamua ni jambo gani litakalofundishwa kwanza, maana katika somo hili mwalimu anayeanzia mahali pasipofaa aweza kuwadhuru wanafunzi kuliko yule asiyewafundisha kabisa. Shauri letu ni kwamba mwanafunzi afundishwe kwanza hisa ni kitu gani, ndipo baadaye afundishwe bei yake.

Wengi huanza na bei. Mwaka 2014 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzisha mashindano ya wanafunzi, ambamo mshindani hupewa fedha za mfano, akanunua na kuuza hisa, na yule ambaye fedha zake zimeongezeka kuliko za wenzake hupata tuzo. Hatuyabezi mashindano hayo. Yamewafikisha vijana mahali ambapo baba zao hawakufika, nao wamejua jinsi amri ya kununua inavyotolewa na dalali wa hisa ni nani. Lakini fedha za mfano hazimwumizi mtu zikipotea, na muda wenyewe ni mfupi. Katika muda mfupi mwenye subira hawezi kumshinda mwenye bahati. Kijana akipewa tuzo kwa kubahatisha, atadhani amekwisha kuwa na elimu, naye atakwenda kubahatisha tena siku atakapopokea mshahara wake wa kwanza.

Basi na tuanzie mahali ambapo wanafunzi wanapajua. Pale Mafinga, katika wilaya ya Mufindi, iko benki ya wananchi iitwayo MUCOBA, ambayo hisa zake ziliingizwa katika Soko la Hisa mwaka 2016, kwa dirisha lililowekwa kwa ajili ya makampuni madogo yanayokua. Mwanafunzi wa Iringa aweza kulitazama jengo lake kwa macho. Aambiwe hivi: mtu mwenye hisa za benki hii hakuikopesha fedha, wala hakuweka akiba kwake. Yeye ni mmoja wa wenye benki, kwa kadiri ya fungu lake. Benki ikikopesha kwa busara na wadeni wakalipa, faida ni yake pia. Ikikopesha ovyo, hasara ni yake pia, wala hana pa kushtaki.

Kwa mwanafunzi wa Rungwe au Mbozi uko mfano mwingine, nao ni ushirika wa kahawa. Huko nako mzazi wake ana hisa, lakini katika mkutano kila mwanachama ana kura moja, awe na kahawa nyingi au chache. Katika kampuni huhesabiwa hisa, si vichwa. Mwenye hisa elfu ana kura elfu, na karani mwenye hisa hamsini hatamwondoa mkurugenzi yeyote kwa nguvu zake. Tumeona watu wazima walionunua hisa wakidhani wataheshimiwa kama katika ushirika, wakarudi kutoka Mkutano Mkuu wamenuna. Heri mtoto alijue jambo hili mapema.

Kisha yaja swali ambalo wanafunzi huuliza wenyewe: mtu akitaka kurudishiwa fedha zake? Kampuni haimrudishii. Hana budi kumtafuta mtu mwingine wa kuinunua hisa yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo soko, lililofunguliwa Dar es Salaam Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, ile ya gesi iitwayo TOL. Bei ni mapatano ya anayeuza na anayenunua siku hiyo. Asipokuwapo mnunuzi, hakuna bei inayosaidia, na hisa za makampuni madogo huweza kukaa siku nyingi pasipo mtu wa kuziuliza. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatahitaji kuhubiriwa kwa nini karo ya muhula ujao haiwekwi katika hisa.

Sasa na tuje kwenye hesabu, ambayo sisi makarani twaipenda kuliko maneno (ijapokuwa wengi wetu hutunza hesabu za watu wengine vizuri kuliko za nyumbani kwetu). Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 600 kila moja. Mtu aliyenunua hisa 500 alitoa shilingi 300,000. Kwa faida ya mwaka 2022 benki hiyo ilitoa gawio la shilingi 286 kwa kila hisa. Mtu huyo, kama hakuuza, alistahili shilingi 143,000. Ikatolewa kodi ya asilimia 5, yaani shilingi 7,150, zikabaki 135,850. Ni karibu nusu ya fedha alizotoa, kwa mwaka mmoja, na hisa zake bado anazo. Lakini mwanafunzi aulizwe palepale: ni miaka mingapi imepita katikati? Kumi na minne. Na katika miaka hiyo bei za vitu sokoni zilipanda kiasi gani? Shilingi 300,000 za mwaka 2008 zilinunua mabati na saruji nyingi kuliko shilingi 300,000 za mwaka 2022. Asiyeuliza hayo amehesabu nusu tu.

Tena asionyeshwe mfano huo peke yake. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa shilingi 850, na watu wengi waliokuwa hawajapata kununua hisa maishani waliingia. Miaka iliyofuata bei ilikaa chini ya hiyo, na mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021 ulikuwa wa hasara, baada ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kufungwa. Hakuna aliyedanganywa. Hatari ilikuwa imeandikwa katika waraka wa matarajio, ila waraka ule ni mrefu, na wengi waliusoma ukurasa wa bei tu.

Hapo ndipo mwanafunzi atakapoona tofauti kati ya hasara na wizi. Mwaka 2009 Serikali iliizuia DECI, ambayo watu waliipelekea fedha zilizoitwa mbegu, wakingoja mavuno baada ya miezi michache. Baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani na mahakama mwaka 2013. Hapakuwa na kiwanda, wala shamba, wala mkopo uliolipwa. Waliovuna kwanza walivuna mbegu za waliopanda nyuma yao. Majina ya namna hiyo huzaliwa upya, siku hizi kwa njia ya simu, na wanafunzi wetu ndio wanaotafutwa. Kijana aliyefundishwa kuuliza gawio latoka katika kazi gani, na kama Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana imempa leseni anayelichangisha, ana kinga. Aliyefundishwa bei inayopanda tu hana kinga yoyote, kwa sababu bei ya walaghai hupanda vizuri kuliko zote.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba somo la kwanza na la pili yafanywe kwa kitabu cha hesabu za mwaka cha kampuni moja, wanafunzi wakisoma kwa vidole vyao mahali palipoandikwa mapato, madeni, faida na gawio. Mashindano na yaje baadaye. Vitabu hivyo ni haba katika shule, basi mwanachama aliye na cha zamani, hata kikiwa cha miaka mitano iliyopita, akilete kwa Katibu kabla ya shule kufunguliwa. Wenzetu wa Iringa wavipeleke kwa mjumbe wao. Na yeyote atakayekwenda kufundisha akiulizwa na mwanafunzi anunue hisa ipi, asitaje jina.