KICHEFUCHEFU KISICHO NA JINA: NASAHA KWA MGONJWA NA WANAOMUUGUZA

(Nasaha iliyotolewa kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa, Kilole, Korogwe)

 



Tumeombwa tuzungumze juu ya subira. Tumeona tusiishie kwenye subira ya vitabuni, bali tuitaje ile tunayoihitaji kila asubuhi kabla ya darasa kuanza. Wengi wenu mmetuona tukiacha somo katikati na kutoka nje. Wapo waliouliza kwa upole, na wapo waliokwisha kujijibu wenyewe. Leo tunajibu sisi.

Maradhi yenyewe

Tulipokuwa masomoni ughaibuni, jicho letu moja lilififia kwa wiki kadhaa, kisha nuru ikarudi. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi. Kipimo cha MRI kikaonyesha makovu katika ubongo na uti wa mgongo. Waarabu huyaita maradhi haya at-taswallub al-muta'addid, yaani ugumu wa mahali pengi. Kitaalamu ni multipo sklerosisi. Tabibu wa Kifaransa, Jean-Martin Charcot, aliyaeleza kwa upana mwaka 1868.

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huigeukia neva na kuushambulia utando unaozifunika, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, ujumbe wa ubongo huchelewa au hupotea njiani. Maradhi haya hayaambukizi. Watu zaidi ya milioni 2.8 duniani wanaishi nayo. Kwetu huonekana mara chache, na sehemu ya uchache huo yaweza kuwa ni uchache wa vipimo. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini zipo za kupunguza mashambulizi yake, na mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa 3 za maradhi haya katika orodha yake ya dawa muhimu.

Majina tuliyopewa

Baada ya kurejea nyumbani ndipo kilipokuja kichefuchefu. Huja asubuhi, hukaa saa nzima au siku nzima, kisha huondoka bila ya kuaga. Hapo tukaanza kupewa majina.

Jina la kwanza lilikuwa malaria. Hatuwalaumu waliolitoa. Korogwe inaijua malaria. Mji wetu ulikuwa mmoja wa vituo 11 barani Afrika vya jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S lililoanza mwaka 2009. Lakini sisi tulimeza dawa mseto mara 3 bila ya kuchukuliwa hata tone la damu. Jina la pili lilikuwa vidonda vya tumbo. La tatu lilisemwa kwa kunong'ona: mwalimu ana jini. Wazazi wawili wakawatoa watoto wao darasani.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kisomo cha Qur'ani hakina faida. Tunajisomea na tunasomewa. Tunachokikataa ni kumbandika mtu jini kwa sababu tu tumeshindwa kulijua jina la maradhi yake. Kutojulikana kwa sababu si dalili kwamba maradhi hayapo, wala si dalili ya udhaifu wa imani.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa letu wenyewe. Tulidhani dawa ya neva ndiyo inayotuchefua, tukaiacha bila ya kumuuliza daktari. Kichefuchefu hakikuondoka. Baada ya miezi michache mguu wa kushoto ukalegea, na fimbo hii mnayoiona ndiyo ukumbusho wa kosa lile.

Tulichojifunza

Kwanza, mgonjwa asikubali kila jina, wala asiseme kila kitu ni maradhi yake ya zamani. Kovu likiwa katika shina la ubongo, karibu na njia za mizani ya mwili, huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Lakini mgonjwa huyo huyo aweza kupata malaria, homa ya ini, ujauzito, choo kigumu au maambukizi ya mkojo. Dawa nazo huchefua: za kulegeza misuli, baadhi ya dawa za maradhi yenyewe, na hata hizi za maumivu tunazozinunua dukani. Apimwe kwanza, kisha atibiwe.

Pili, aandike. Sisi tuna daftari: saa kilipoanza, tulichokula, dawa tuliyomeza, joto la siku, na kama tuligeuza kichwa. Baada ya miezi 2 tuliona kwamba jua kali na safari ya basi hukizidisha. Siku nyingine hakuna sababu yoyote iliyoandikwa, na daktari naye amekiri hivyo. Tumelikubali.

Tatu, ajihifadhi. Ale kidogo kidogo, anywe maji kwa mafunda madogo, akae kivulini, ajipoze kwa kitambaa cha maji, asilale mara tu baada ya kula. Chai ya tangawizi hutusaidia baadhi ya siku.

Nne, azijue dalili za hatari. Kutapika au kwikwi zisizokoma kwa siku 2, kuona vitu viwili viwili, kiungo kulegea ghafla, au kushindwa kubakisha maji tumboni, hizo si za kusubiria nyumbani. Yako maradhi yanayofanana na haya, neuromieliti optika, ambayo kwikwi na kutapika kwa siku nyingi huweza kuwa mwanzo wake. Tangu mwaka 2004 inajulikana kinga inayoyatambulisha katika damu. Dawa zake ni tofauti, na baadhi ya dawa za multipo sklerosisi huyazidisha. Kwa hiyo mgonjwa amtajie daktari kwikwi hizo, hata kama anaziona ni jambo dogo.

Tano, azitumie ruhusa za dini yake. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua katika Ramadhani, akalipa siku nyingine, au akalisha masikini ikiwa maradhi yake hayatarajiwi kupona. Na ambaye kusujudu kunamzidishia kizunguzungu ataswali amekaa na ataashiria kwa kichwa. Siku hizo sisi huswali hivyo, na hatuoni haya.

Kwa wanaouguza

Mgonjwa wa namna hii hana jeraha la kuwaonyesha. Leo anatembea, kesho hainuki, na nyinyi mnamwona ni yule yule. Msimwambie anajidekeza. Muulizeni, "Leo vipi?" na mkubali jibu atakalolitoa. Mke wetu hakuwahi kutuuliza jina la kichefuchefu hiki. Huleta beseni, hufungua dirisha, akakaa. Hiyo kwetu ilikuwa nusu ya matibabu.

Na wale wazazi wawili, milango ya madrasa iko wazi. Watoto wao tumewahifadhia nafasi zao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza.

Wabillahi Tawfiq.