Tukikosea Hesabu ya Bugali

Mara nyingine tunapima bugali kwa macho tu. Mutoto anakula kuliko tulivyohesabu, na sukari ya damu inapanda. Mama anaogopa, anamupiga sindano ya pili mbio. Hapana! Insulini ya kawaida inaanza kazi kisha dakika 30, inaendelea saa 6 mpaka 8. Ile ya kwanza ingali mwilini. Mukiongeza ingine, sukari itaanguka, pengine usiku. Mumupe maji, muulize munganga kwanza.

Akitetemeka na kutoka jasho, mumupe vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji. Kisha dakika 15, kama hajapona, mumupe tena. Akizimia, musimunyweshe kitu: hospitali mbio. Kesho, mupime unga kwa kikombe kimoja kila siku.