HEWA NDANI YA MOTOKARI
Mafundisho kwa mashofere na wasafiri

Ndugu msomaji, wewe unajua vumbi ya njia zetu. Kamyo inapita, na kila mtu anafunga kioo. Kiisha watu wanasahau kufungua. Saa moja inapita, wote wanasinzia, kichwa kizito. Tunasema: "Ni uchovu wa safari." Pengine ni uchovu kweli. Lakini pengine ni hewa.

Angalia namna inavyofanyika. Katika litri 10.000 za hewa ya inje, gazi ya karboniki ni litri 4 tu. Lakini hewa tunayotoa puani ina litri 4 hivi katika kila litri 100, maana yake mara mia zaidi. Mtu anayekaa kimya anatoa karibu litri 18 za gazi hii kwa saa moja. Motokari ndogo ina litri 3.000 hivi za hewa. Basi, weka watu watano ndani na vioo vimefungwa: hata kama hewa kidogo inapita katika matundu, gazi inaongezeka upesi.

Watu wa Goma wanaijua gazi hii sana: ndiyo mazuku. Kule inatoka katika udongo wa volkano, inakaa mahali pa chini sababu ni nzito kuliko hewa, na inaua watu na nyama. Ndani ya motokari haifiki nguvu hiyo. Lakini inaleta usingizi na kuchelewesha akili. Shofere anayekwenda kilometa 60 kwa saa, akichelewa sekunde moja tu kukanyaga freni, motokari imekwisha kupita karibu metre 17. Mtoto anayevuka njia hana metre 17.

Kuna gazi ya pili, mbaya kuliko ile. Inatoka katika moshi wa moteri, na jina lake ni monoksidi ya karboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa hata kama mtu anapumua. Alama zake: kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu inalegea. Kama watu wote wa motokari wanaumwa kichwa pamoja, msiseme ni malaria. Malaria haishike watu wote saa moja.

Basi tufanye nini?

1. Funga kioo wakati vumbi inapita, kiisha fungua tena. Kama motokari ina kifungo cha kuzungusha hewa ya ndani, usikiache safari nzima.

2. Fungua vioo vya mbele. Usitembee na mlango wa nyuma wazi, sababu moshi unavutwa ndani.

3. Fundi atazame tiyo ya moshi mara kwa mara. Mawe ya njia inaitoboa. Ziba matundu ya chini ya motokari.

4. Usilale ndani na moteri inawaka, hata kama baridi ni kali. Usiingize mbabula ya makala. Usiwashe moteri ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi.

5. Karibu na Goma, usisimamishe motokari kulala mahali pa chini panapojulikana kuwa na mazuku.

Mtu akianguka sababu ya moshi, zima moteri, mtoe inje upesi, mpeleke hospitali apate oksijeni. Kama hapumui, mpulizie hewa kinywani mara moja. Usimpe maziwa: maziwa inakwenda tumboni, na sumu iko katika damu.

Na wewe msafiri, usione haya. Hata kama ulilipa nafasi ya nyuma kabisa, sema: "Papa shofere, tafazali, fungua kioo kidogo." Na wewe shofere, usikasirike. Anaomba kwa ajili ya wote, na wewe pia.