Merikebu ya Seyyid Barghash

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nachingwea)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wanafunzi wenzangu wa zamani mliotoka Nachingwea, Ruangwa na kwingineko, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vyenu tumevikalia sisi:

Katibu aliponiandikia kwamba niseme lolote nilipendalo nilifurahi sana, maana mtumishi wa serikali huzoea kusema aliyoagizwa. Chuo kikuu nilisoma historia, na katika historia nilipenda mambo ya meli. Najua mtacheka. Mtu wa Ruangwa, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza pale Lindi akiwa kidato cha tatu, ana haki gani ya kusimulia habari za manowari? Nivumilieni. Mengi yaliyotupata huku bara yalianzia majini.

Seyyid Said alikuwa na merikebu za vita za matanga zilizojulikana mbali. Moja, iliyoitwa Liverpool, yenye mizinga 74, iliundwa Bombay, naye akamtunukia Mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Nyingine, Sultana, ilifika New York mwaka 1840. Siku hizo Sultani na Mwingereza walisukumwa na upepo mmoja. Hata Waingereza waliunda baadhi ya manowari zao Bombay, kwa mti uleule wa msaji.

Mvuke ndio uliowatenganisha. Meli ya mvuke haingoji kaskazi wala kusi, lakini inadai makaa ya mawe, chuma, chelezo cha kuitengenezea na fundi wa kuielewa. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa. Mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja kwa ratiba. Na Aprili mwaka huohuo kimbunga kikaipiga Unguja na kuzivunja merikebu za Sultani zilizokuwa zimetia nanga.

Kwa hiyo Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, hakuwa na jeshi la majini la maana Waingereza walipomtaka mwaka 1873 akomeshe biashara ya watumwa baharini. Alikataa. Konseli John Kirk akamwambia kwamba manowari zitaizingira Unguja, naye akatia sahihi tarehe 5 Juni. Biashara ile silii juu yake hata kidogo. Waliosukumwa kwenda Kilwa walikuwa watu wa huku kwetu. Lakini vijana mwangalie: jambo jema lile lililetwa na mdomo wa mzinga, na mdomo uleule baadaye ukasema mengine.

Barghash alijifunza haraka. Manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilifika Unguja ikampendeza, akaagiza ya kwake katika kiwanda cha Denny, Dumbarton, huko Uskochi. Ilishushwa majini mwaka 1878, ikapewa jina lilelile, kwa bei ya zaidi ya paundi 32,000. Ilikuwa na injini na milingoti, ila mizinga yake ilikuwa midogo. Kazi yake kubwa ikawa kukaa imetia nanga mbele ya kasri. Kwa maoni yangu meli zake za mizigo zilikuwa na faida kuliko hiyo, kama Nyanza, aliyoinunua mwaka 1880 kwa kampuni ya P&O.

Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilipanga mstari mbele ya Unguja kumlazimisha Barghash aache kupinga mikataba ya Karl Peters. Akaacha. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ikashika miji ya pwani. Watu wa pwani wakaasi, na Septemba mawakala wake wakakimbia Lindi na Mikindani. Mei 1890 Wissmann akarudi, manowari zikiwa nyuma yake, na Kilwa, Lindi na Mikindani zikaanguka katika mwezi mmoja.

Lakini Machemba, mkuu wa Wayao kwenye nyanda za juu za Makonde, aliitwa pwani mwaka 1890 akakataa kwenda. Walipigana naye na kupatana naye mpaka 1899, alipovuka Ruvuma. Mzinga wa manowari haukufika kule.

Glasgow nayo ilipigana mara moja. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, muda aliopewa ukaisha. Manowari za Kiingereza zikafyatua. Glasgow ikajibu, ikiilenga St George, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1890. Kwa muda wa dakika kama 40 yote yalikwisha. Upande wa kasri watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Glasgow ilizama bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka.

Chombo, injini na mizinga vilitoka nchi ileile iliyokuja kukizamisha. Je, kosa lilikuwa kununua? Nilidhani hivyo zamani. Lakini Wajapani nao walinunua Uingereza. Manowari zao kubwa zilizowashinda Warusi Tsushima, Mei 1905, ziliundwa huko. Tofauti ni kwamba tangu 1865 walikuwa wakijenga chelezo chao Yokosuka, wakiwa na mhandisi Mfaransa, na wakawapeleka vijana wao nje kusoma. Sisemi kisiwa kidogo kingeweza kuwa Japani. Wala Mwingereza asingemngoja Barghash ajenge. Nasema kilichokuwa bandarini Unguja ni meli, na kilichokuwa Yokosuka ni watu.

Miezi miwili baada ya Tsushima, huku kwetu Maji Maji ilianza, na manowari ya Kijerumani Bussard ikashusha askari wake pwani ya kusini.

Niungame jambo moja. Mwaka wangu wa pili kazini, katika wilaya nisiyoitaja, nilitia sahihi ununuzi wa pampu ya maji kwa kijiji kimoja. Ilikuwa nzuri, rangi ya bluu. Hatukuweka fungu la vipuri wala hatukumfundisha mtu. Ilifanya kazi miezi saba. Nilipopita tena, kina mama walikuwa wamerudi kisimani, na mmoja akaniamkia kwa heshima zote, asitaje pampu. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Ndugu Mwenyekiti, alasiri hii tutaamua juu ya mchango wa kompyuta za shule. Naunga mkono. Lakini naomba katika fedha hizo tutenge sehemu ya kumsomesha fundi, kijana wa hapahapa, na sehemu ya vipuri, hata kama kompyuta zitapungua kutoka ishirini hadi kumi na mbili. Mchango wangu nimeuandika chini ya fungu hilo. Orodha iko kwa Katibu, na kalamu ninayo mimi.

Wenye maswali, vijana waanze.