Miguu Yetu na Ile Pini ya Nyumbani

(Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi wa afya ya jamii katika mkutano wa kikundi cha akina mama. Tumeyachapisha karibu kama alivyoyasema.)



Mwenyekiti wenu alifikiri nitaleta habari za presha au malaria. Nimeleta habari za miguu. Naona kuna wengine wameshaanza kuficha vidole chini ya kiti. Msifiche. Mimi mwenyewe nilikua na funza.

Nyumbani kwetu kulikuwa na pini moja. Ilikaa imechomekwa kwenye nguo ya nyanya, hapa kifuani. Jioni baada ya kula tulikaa karibu na taa, watoto sita, naye akatutoa funza mmoja baada ya mwingine. Akimaliza mguu wa huyu, anaifuta pini kwa leso, anaingia mguu wa yule. Alitupenda sana, na simlaumu. Lakini ile pini nimekuja kuisema vibaya.

Kwanza tumjue huyu mdudu. Funza ni kiroboto. Jike lake, ambaye ni kama milimita moja tu, huingia kwenye ngozi, mara nyingi pembeni mwa ukucha, katikati ya vidole au kisiginoni. Ndani ya siku kumi hivi amefura mpaka anakuwa kama punje ya njegere. Ukitazama utaona duara jeupe lenye kitone cheusi katikati. Kile kitone ndicho sehemu yake ya nyuma, hapo anapumulia na hapo anatolea mayai. Mayai yanaanguka wapi? Kwenye vumbi la sakafu, pale pale mtoto anapolala. Yanaanguliwa humo, na baada ya wiki tatu hivi kuna viroboto wapya wanatafuta miguu.

Kwa hivyo unaweza kutoa funza kwa pini kila jioni, mwaka mzima, na usimalize. Tena pini hupasua yule mdudu, vipande vyake vinabaki ndani na mguu unatunga usaha. Kile kidonda kikiingia udongo kinaweza kuleta pepopunda. Na pini yenye damu ya mtu mmoja ikiingia kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya ugonjwa wa ini.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini? Kuna mafuta yanaitwa dimetikoni. Si sumu. Yanaingia kwenye kile kitundu na kumziba funza pumzi, anakufa mwenyewe, na ngozi inamsukuma nje pole pole. Katika utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, baada ya siku 7 funza kama 78 katika kila 100 waliopakwa mafuta hayo walikuwa wamekufa. Ile dawa ya zambarau ya kulowekea miguu, pamanganeti, iliua kama 39. Dimetikoni haipatikani kila zahanati, lakini ulizeni, tena ulizeni mkiwa wengi. Kama ni lazima funza atolewe kwa chombo, kitumike kilicho safi kabisa, cha mtu mmoja peke yake, na kidonda kipakwe dawa. Na tafadhali, msipake mafuta ya taa, petroli wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimeona mguu wa mtoto umeungua kwa sababu hiyo, na funza walikuwa bado wako hai.

Halafu sakafu. Anayeweza kuweka saruji, aweke. Asiyeweza, apigilie udongo mpaka ushikane, anyunyize maji kabla ya kufagia, na chumba cha watoto kifagiliwe kila siku. Mbwa na nguruwe nao wana funza, tazameni miguu yao. Ukimtibu mtoto na mbwa analala naye chumba kimoja, umefanya kazi nusu.

Kuna jambo linaniudhi. Mwaka jana nilimkuta kijana mdogo nyumbani siku ya shule. Nikamwuliza, mbona hukwenda? Akasema wenzake hawataki kukaa naye dawati moja. Mzee mmoja pale akaniambia, sista, usisumbuke, hiyo ni laana ya ukoo wao. Nikamwambia, mzee wangu, funza hawakuwako Afrika zamani. Walitoka Amerika ya Kusini. Wanaojulikana kuenea bara letu walishuka Angola mwaka 1872, ndani ya meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wameshafika Afrika Mashariki. Laana gani hiyo iliyopanda meli? Alicheka, lakini sijui kama alikubali. Yule kijana tulimtibu pamoja na ndugu zake wote, na baba zao wakapigilia ile sakafu. Hata Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limeweka wadudu wa ngozi kama hawa pamoja na magonjwa yaliyosahauliwa. Funza wako Murang'a, wako Vihiga, wako Kilifi na Kwale. Koo zote hizo zimelaaniwa?

Haya, tuendelee. Ninyi mnaovaa gambuti kutwa nzima shambani, ile ngozi nyeupe inayolowa kati ya vidole viwili vya mwisho, inayowasha na kunuka, ni fangasi. Osha kwa sabuni, kisha kausha kati ya vidole, ndipo upake krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku. Watu wengi huacha wakiona kuwasha kumekwisha. Endelea wiki mbili zaidi, la sivyo inarudi. Na ukienda duka la dawa, uliza kama ile krimu imechanganywa na steroidi. Ya namna hiyo hutuliza kuwasha haraka sana, unafurahi, kumbe fangasi anaenea chini kwa chini.

Ukucha ukishakuwa mnene na wa manjano, krimu haitoshi. Hapo kuna vidonge vya karibu miezi mitatu, kwa ruhusa ya daktari, na ukucha mzima wa kidole gumba huchukua mwaka au zaidi kukua upya. Msiwe na haraka. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, msizizungushe kwenye pembe, maana ndivyo zinavyoingia nyamani, hasa kwa watoto wenye viatu vya shule vilivyowabana.

Magaga je? Naona mama mmoja anatabasamu. Loweka visigino kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi na tano, sugua kwa jiwe la miguu, paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, vaa soksi ulale. Wembe, hapana.

Lakini mwenye ugonjwa wa sukari asifuate hayo ya kuloweka na kusugua. Sukari huua hisia za miguu. Mzee mmoja alitembea siku tatu na msumari ndani ya akala yake bila kujua. Mke wake ndiye aliyeona damu kwenye sakafu. Walikata vidole viwili. Wenye sukari watazame nyayo kila jioni, au watazamiwe na mjukuu, wang'ute viatu kabla ya kuvivaa, na kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, kipelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Nimesema mengi, na beseni ziko pale nje chini ya mwembe na maji yameshapashwa. Tutaosha na kutazamana miguu, wawili wawili. Mwenye sukari aniambie kwanza. Nami nitavua viatu vyangu, mwone yale makovu ya pini ya nyanya.