Haki ya Aliyepoteza Kazi kwa Maafa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Madale)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya mtu aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya maafa. Habari hizi si za mbali. Ninyi mkaao hapa Madale mwajua ya kuwa jirani zetu wengi wa Mabwepande hawakuja huku kwa kupenda. Desemba 2011 mvua kubwa ilijaza bonde la Mto Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakafa, na mwanzoni mwa 2012 Serikali ikawahamishia Mabwepande watu wa mabondeni, ikawapa viwanja na mahema. Lilikuwa jambo jema, maana uhai hutangulia. Lakini mchuuzi wa Jangwani alipata kiwanja, na wateja wake wakabaki Jangwani. Msaada wa maafa kwa desturi huhesabu nyumba, godoro na unga. Kazi iliyopotea ni nani aihesabuye?

Sheria yetu yasemaje? Sheria ya 2018, iliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma ikawa PSSSF na kuirekebisha ile ya NSSF, imeandika fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18, akaachishwa kazi na mwajiri, hulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 hupata kama 100,000 kwa mwezi. Si nyingi, ila unga hununuliwa. Lakini aliyeacha kazi kwa hiari yake hapati.

Hapo ndipo twawaomba mtege masikio, kwa kuwa jambo hili lapita mikononi mwetu. Maji yakiingia ghalani, au moto ukiteketeza duka, mwajiri aliyeishiwa fedha huweza kumwita mtu wake, akamwambia kwa upole, “Andika barua ya kuacha kazi, mambo yakitengemaa tutakuita.” Mtu huona haya kubishana na bwana wake siku ya msiba, naye huandika. Barua ile ya mistari mitatu yamnyima fungu la miezi 6. Tena yamharibia kiinua mgongo cha Sheria ya Ajira ya 2004, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi uliotimia, hata miaka 10. Na barua hiyo ni nani aipigaye chapa? Ni sisi. Basi tukiambiwa tuipige, kwanza tumweleze mwenyewe maana yake, na tumkumbushe mwajiri kwa adabu ya kuwa kupunguza watu kwa ajili ya hasara kuna njia yake katika sheria hiyo hiyo: taarifa, mashauriano, na barua isemayo kweli.

Tuangalie na michango pia. Fedha iliyokatwa isipopelekwa, mtu hujikuta siku ya shida hana miezi 18 yake.

Wapo watakaouliza, na yule mchuuzi je? Fao hili halimfikii, maana hana mwajiri wa kumwachisha. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa 10 Julai 2021, na moto hauandiki barua ya kuachisha mtu kazi. Huko Marekani, Rais akitangaza maafa makubwa, hata mwenye kazi yake mwenyewe huweza kupokea posho, na muda wake kwa kawaida hufika majuma 26. Hatusemi nchi yetu iige kesho. Mfuko wao si mfuko wetu. Twasema tu ya kuwa kumhesabu mchuuzi si ndoto. Baadhi ya wenzetu hudhani hayo hayatuhusu watumishi. Hatukubaliani nao, kwani katika nyumba zetu nyingi kibanda cha mama ndicho kilipacho ada ya watoto.

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya mkutano. Chama kichague makarani wawili wakae barazani Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wawasomee watu barua zao kabla hawajatia sahihi, na kuwasaidia kukagua hesabu za michango yao. Karatasi na kalamu tutatoa sisi. Aliye tayari ampe Mwandishi wa Chama jina lake kabla ya masika kuanza.